Gari jipya au lililotumika: anza na miaka utakayokaa nalo

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye magari kidonda chenyewe ni kushuka thamani: gari jipya linaanza kupoteza bei siku linapotoka shorumu, na mwaka wa kwanza ndio unaouma zaidi. Lililotumika nalo lina kidonda chake, ila hicho kimejificha chini ya boneti na hukioni mpaka umeshalipa. Ndiyo maana mabishano ya lipi bora hayaishi. Mmoja anapigia hesabu hasara inayoonekana, mwenzake anaogopa ile isiyoonekana, na wote wawili wanasahau kuuliza: utakaa na hilo gari miaka mingapi?

Hesabu ya kushuka thamani

Tuseme gari jipya lina thamani ya 100, kwa sarafu yoyote uitakayo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba linapoteza kama sehemu moja ya tano mwaka wa kwanza, kisha takriban asilimia 15 ya thamani iliyobaki kila mwaka unaofuata. Si kanuni ya kila gari. Pikapu na magari ya kazi yenye sifa ya kudumu hushuka polepole. Sedani kubwa za kifahari na magari mengi ya umeme huporomoka. Ila kwa kulinganisha, makadirio hayo yanatosha.

| Ulilinunua | Unaliuza likiwa na | Thamani iliyopotea | Hasara kwa mwaka |
|---|---|---|---|
| Jipya (100) | miaka 3 | 42 | 14 |
| Jipya (100) | miaka 5 | 58 | karibu 12 |
| Jipya (100) | miaka 12 | 87 | 7 |
| Lina miaka 3 (58) | miaka 8 | 32 | 6 |
| Lina miaka 3 (58) | miaka 12 | 44 | 5 |

Anayenunua jipya na kulibadilisha kila baada ya miaka 3 anabeba hasara ya zaidi ya mara mbili ya yule anayelipokea kutoka kwake. Huyo ndiye mtu pekee ambaye ningemwambia bila kumumunya maneno kwamba jipya halimfai, isipokuwa kama ana pesa za kuchezea. Na wenye pesa za kuchezea hawahangaiki kusoma ulinganisho.

Sasa shuka mstari wa tatu. Aliyenunua jipya akakaa nalo miaka 12 anapoteza 7 kwa mwaka. Aliyelichukua likiwa na miaka 3 akalifikisha umri uleule anapoteza 5. Pengo limebaki 2. Kwa hizo 2 yule wa kwanza amepata miaka ya dhamana, tairi na betri za kuanzia sifuri, na gari ambalo anajua kila tone la oili lililowahi kuingia kwenye injini yake. Si biashara mbaya hata kidogo.

Jedwali halina gharama za gereji, na hapo ndipo watetezi wa gari jipya hudakia. Haya, tuwape nafasi. Kati ya aliyekaa na jipya miaka 5 na aliyekaa miaka 5 na lile la miaka 3, tofauti ya hasara ni 26. Maana yake, gari lililotumika lina ruhusa ya kula gereji robo nzima ya bei ya gari jipya ndani ya kipindi hicho kabla halijawa ghali kuliko jipya. Lililokaguliwa vizuri ni nadra kufika huko. Lililochaguliwa kwa rangi na mng'ao wa rimu linaweza kufika mwaka wa kwanza.

Hayo yote ni kwa anayelipa taslimu. Mkopo unaivuruga hesabu, na mara nyingi unaivuruga kwa faida ya gari jipya, kwa kuwa wakopeshaji hutoza riba ndogo kwa jipya kuliko kwa lililotumika, na wakati mwingine kiwanda chenyewe hubeba sehemu ya riba ili kusukuma modeli fulani. Usilinganishe rejesho la mwezi. Linganisha jumla ya pesa zote utakazokuwa umelipa siku ya mwisho, pamoja na bima kubwa ambayo mkopeshaji atakulazimisha uikate. Mkopo wa miaka 7 una rejesho dogo linalopendeza, lakini kwa miaka kadhaa utakuwa unadaiwa zaidi ya thamani ya gari. Likipata ajali likawa si la kutengenezeka, bima ya kawaida inalipa thamani ya siku hiyo, na deni linalobaki ni lako.

Ukinunua jipya, unanunua nini hasa?

Harufu ile tamu ya gari jipya ni gundi, plastiki na vitambaa vinavyotoa mvuke wa kemikali, nayo itaisha mapema kuliko mkopo. Kitu cha maana ni dhamana. Wengi hutoa miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia. Kia inatoa miaka 7 katika masoko mengi. Isome kabla ya kusaini. Pedi za breki, tairi, wipa na klachi huhesabika kuwa vitu vya kuchakaa na kwa kawaida havimo. Tena ukiruka servisi au ukachelewa sana, unaweza kuambiwa dhamana imekufa. Kwa hiyo gharama halisi ya gari jipya ni bei yake pamoja na servisi zote za kipindi cha dhamana, mara nyingi kwa viwango vya wakala, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Kuna jambo halisemwi sana kwenye shorumu: modeli iliyotoka mwaka huu haijajaribiwa na mtu yeyote ila kiwanda. Ubovu wa muundo hujitokeza magari yakishafika barabarani kwa maelfu. Gari la miaka 4, kinyume chake, limeshasemwa. Mafundi wanajua giaboksi yake inaanza kusumbua kilomita ngapi, sensa ipi hufa mapema, na kati ya injini mbili zilizowekwa kwenye modeli hiyo, ni ipi ya kukwepa. Ukiamua jipya, ningechukua modeli iliyokwisha kukaa sokoni mwaka mmoja au miwili, hata kama haina skrini kubwa kama ile iliyotoka juzi.

Upande wa usalama, jipya linashinda, ila si kila jipya na si dhidi ya kila kuukuu. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari lisiserereke ni wa lazima Marekani tangu modeli za 2012, na kwa magari yote mapya ya Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014. Breki zinazojikanyaga zenyewe gari linapoona hatari mbele zikawa za lazima huko kwa magari yote mapya Julai 2024. Gari la 2016 linaweza kuwa na la kwanza bila la pili. La 2008 linaweza kukosa yote mawili. Na usidanganyike na nyota: Euro NCAP, shirika la Ulaya linalojaribu magari kwa kuyagongesha na kuyapa nyota za usalama, wamekuwa wakikaza vipimo tangu 1997, kwa hiyo nyota 5 za 2010 na nyota 5 za 2020 si kitu kimoja. Tazama mwaka wa jaribio. Kama utabeba watoto, mimi ningeweka mfumo wa kuzuia kuserereka kuwa sharti la kwanza, kabla hata ya kuuliza bei.

Lililotumika: unanunua tabia za mtu

Magari mawili ya modeli moja, mwaka mmoja, yaliyotoka kiwanda kimoja wiki moja, yanaweza kutofautiana baada ya miaka 8 kama mbingu na ardhi. Mmoja alimwaga oili kila ilipotakiwa na kusubiri injini ipate joto kabla ya kukanyaga mafuta. Mwingine aliongeza oili pale tu taa ilipowaka. Kwenye tangazo yote mawili yameandikwa "hali nzuri sana".

Wanunuzi wengi huanza na kilomita, na ndiyo sababu kilomita ndizo huchezewa kuliko kitu kingine. Usiisome dashibodi peke yake. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, na ubavu wa kiti cha dereva pale anapoteleza kuingia na kutoka. Pedali iliyolika mpaka ikawa laini haiwezi kuwa ya gari la kilomita 45,000. Tafuta pia kumbukumbu za servisi na stika za kubadilisha oili, ambazo mara nyingi husahauliwa mlangoni au chini ya boneti zikiwa na kilomita halisi za siku ile.

Halafu, kilomita chache peke yake si sifa. Gari la miaka 10 lenye kilomita 30,000 huenda limeishi kwa safari za dakika tano, injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaoingia kwenye oili, sili zikikakamaa na tairi zikizeeka zikiwa zimesimama. Mkanda wa taimingi, kwenye injini zinazoutumia, hubadilishwa kwa kilomita, mara nyingi kati ya 90,000 na 160,000, lakini pia kwa miaka. Ukikatika, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na hapo hamzungumzii tena mkanda, mnazungumzia kushusha injini. Kati ya hilo na gari la miaka 5 lenye kilomita 120,000 za barabara kuu na daftari la servisi lisilo na pengo, mimi nachukua la pili bila kuwaza mara mbili.

Siku ya kuliona, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto na hakuna aliyelitoa safari, kuna kitu kinafichwa, maana matatizo mengi ya injini husikika na kuonekana inapowashwa ikiwa baridi. Mwambie utarudi kesho. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha oili: utandu mzito wa rangi ya kahawa ya maziwa unaweza kuwa unyevu wa safari fupi, na unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye oili kupitia gasketi ya silinda hedi. Tazama na maji ya rejeta kama yana mafuta juu. Kisha liwashe huku mwenzio amesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokata hata injini ikishapata joto ni maji. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Mvuke kidogo wa asubuhi unaopotea haraka ni wa kawaida, usikutishe.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Ni jambo la sekunde tano na karibu hakuna anayelifanya. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa viti, zulia na dashibodi vikang'aa, lakini sehemu ya mkanda inayokaa imejikunja ndani ya nguzo hubaki na mstari wa tope au doa la maji. Ukiliona, funua zulia, tazama kutu kwenye reli za viti, kisha ondoka. Nyaya za gari lililozama hufa moja baada ya nyingine kwa miaka, na hakuna fundi atakayekuahidi mwisho wake.

Kwa ajali, boliti husema zaidi ya rangi. Boliti zinazoshika boneti na madiga kutoka kiwandani huwa zimepakwa rangi pamoja na bodi. Zikiwa zimechubuka kwenye kona, spana imeshapita. Vioo navyo vina chapa ya mtengenezaji na alama ya mwaka pembeni. Kimoja kikiwa tofauti na vingine, uliza kwa nini. Sumaku ndogo hukataa kushika penye puti nene, ila kumbuka kuna magari yenye boneti au milango ya alumini ambayo sumaku haishiki hata yakiwa mazima. Tairi zina namba nne mwishoni mwa msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni, nazo husema zilitengenezwa lini: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Usisahau ya akiba, ambayo mara nyingi imezeeka bila kugusa lami.

Mwisho chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli Ulaya tangu 2001, yana soketi yake chini ya dashibodi. Taa ya injini kuzimika si ushahidi wa afya, kwa sababu makosa hufutwa kwa kubonyeza mara moja nusu saa kabla hujafika. Ila yakifutwa, vipimo vya ndani hurudi kwenye hali ya "haviko tayari" na huhitaji safari kadhaa kukamilika. Mashine ikikuonyesha vipimo vingi haviko tayari kwenye gari ambalo muuzaji anasema analitumia kila siku, mwache amalize maneno yake kisha mshukuru.

Fundi awe wako, si wa muuzaji wala wa dalali. Anayekataa gari lisikaguliwe na fundi wako amekujibu maswali yote kwa mkupuo.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kufanya, nacho kinahitaji namba ya chesisi: iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lina wito wa kurudishwa kwa wakala lirekebishwe kasoro ya kiwandani, ambao haujatimizwa. Eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) za Takata, kampuni ya Japani, ndizo mfano mkubwa. Kemikali yake ya kulipulia, amonia nitrati, iliharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na eabegi ilipofumuka ilirusha vipande vya chuma kwa watu waliokuwa ndani. Makumi ya mamilioni ya magari ya chapa nyingi yaliitwa, na kampuni ikaomba kufilisika mwaka 2017. Matengenezo ya wito kama huo kwa kawaida ni bure, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.

Bei ya gari hushuka, bei ya spea haishuki

Hapa ndipo watu wenye akili timamu huumia. Sedani ya kifahari ya miaka 9 inauzwa bei ya gari dogo jipya, ina viti vya ngozi na injini ya silinda 6, na inaonekana ni bahati ya mtende. Lakini shokomzoba zake za hewa, taa zake na giaboksi yake bado ni za gari lile ghali la siku ya kwanza. Mtu aliyeweza kulinunua likiwa jipya ndiye aliyeweza kulitunza. Wewe umepunguziwa bei ya kununua tu. Ndiyo sababu yanashuka haraka kuliko mengine; soko linajua kitu ambacho tangazo halisemi. Kabla ya kulipenda gari lililotumika, uliza bei za spea tano: pedi za breki, shokomzoba, taa ya mbele, rejeta, giaboksi. Majibu ya dukani yatakutuliza mapema.

Dizeli za kisasa zinahitaji neno lao. Zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Aliyetumia gari hilo kwa foleni na safari za karibu amekuachia kichujio kilichoziba. Kama nawe safari zako ni fupi, acha dizeli, liwe jipya au la zamani.

Umeme na haibridi zina kanuni yao, maana betri kubwa ndiyo gari. Watengenezaji wengi huipa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000. Gari la umeme la miaka 3 kwa hiyo lina miaka 5 ya dhamana ya kitu ghali kuliko vyote, na wakati huohuo limeshashuka bei kwa kasi. Kwa mtu mwenye pa kuchajia, hiyo naiona biashara nzuri kuliko jipya. Lenye miaka 9 ni bahati nasibu mpaka betri ipimwe. Nissan Leaf za mwanzo, kwa mfano, hazikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji, na zilizoishi kwenye joto kali zilipoteza uwezo upesi. Vibao 12 vya uwezo kwenye dashibodi yake vinaonyesha kilichobaki, kwa hiyo vihesabu.

Mimi ningechagua hivi

Kama gari ndilo kitega uchumi chako na siku moja gereji ni siku moja bila kipato, kama utakaa nalo miaka 10 na kuendelea, au kama huna fundi unayemwamini, nenda kwa jipya, modeli ya kawaida isiyo na mbwembwe. Kama unalipa taslimu, unaendesha kilomita chache, ndiyo kwanza unajifunza kuendesha, au unajua utalibadilisha ndani ya miaka 5, chukua lenye miaka 2 hadi 4. Mtu mwingine ameshabeba hasara kubwa, na kasoro za modeli zinajulikana. Magari yaliyorudishwa baada ya kukodishwa na makampuni kwa miaka kadhaa huangukia humu. Ya kampuni zinazokodisha magari kwa siku hupitia mikono mingi isiyo na huruma, ila servisi yake kwa kawaida haikosi.

Nisichokubali ni gari la miaka 12 kwa mkopo, huku akiba ya gereji ikiwa sifuri. Ukinunua lililotumika, tenga pesa za mwanzo kabla ya kulipa: oili na vichujio vyote, maji ya breki, oili ya giaboksi, na mkanda wa taimingi kama hakuna karatasi inayothibitisha umebadilishwa. Kama bei ya gari inamaliza pesa yote, tafuta gari la bei ya chini kidogo, si mkopo wa pembeni.

Karatasi ziwe za mwisho lakini zisiwe za haraka. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi, ya kwenye bati la mlangoni na ya kwenye kadi ziwe moja, na uzisome wewe herufi kwa herufi. Kiwango cha kimataifa kilichoenea tangu 1981 ni herufi na tarakimu 17, na I, O na Q hazitumiki ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi za mtindo wao. Jina la kwenye kadi liwe la huyo aliyesimama mbele yako na kitambulisho mkononi, na mamlaka ya usajili ithibitishe kwamba gari halina deni. Pesa zitoke siku ile ile umiliki unapohamishwa, mkiwa mmekaa meza moja.